Sitara na Hadaa: Mtu na Sura Yake Mitandaoni

Wahenga walipousema uzuri wa mkakasi, kwamba ndani ni kipande cha mti, hawakuwa na ugomvi na fundi aliyeuchonga na kuutia rangi. Mkakasi uliundwa upendeze, na kila aliyeununua alijua kuwa ni mti. Fumbo lilimlenga mtu anayependeza kwa nje na asiye na kitu ndani. Miaka hii fumbo hilo limepata kazi mpya. Penye baraza ya wazee, penye harusi, hata penye foleni ya benki, vijana wa mitandao ya kijamii husomewa shitaka moja: kwamba wanaoonekana kwenye Facebook, Instagram, TikTok na stetasi za WhatsApp sio wao. Yule anayecheka pichani jana alilia. Yule aliyesimama kando ya gari hana hata baiskeli. Yule anayeandika maneno ya hekima kila asubuhi, nyumbani kwake hasemeki.

Shitaka hilo lina ukweli ndani yake, lakini limewakusanya watu wasiofanana na kuwakatia hukumu moja. Msichana aliyetia wanja kabla ya kupigwa picha, mgonjwa anayeyaficha maradhi yake, mshairi anayeandika kwa lakabu, na tapeli anayeuza viwanja visivyokuwepo, wote wameonyesha sura isiyokuwa yote waliyonayo. Iwapo kosa ni kuchagua sura ya kuonyesha, basi wote ni waongo, na hakuna mkweli duniani ila aliye uchi. Iwapo kosa ni jengine, yapasa lisemwe ni lipi. Suala lenyewe, basi, ni hili: mtu anapoichagua sura ya kuwaonyesha wengine, ni wakati gani anajistiri, na ni wakati gani anahadaa?

Mwanazuoni wa jamii Erving Goffman, mzaliwa wa Canada, alilitazama jambo hili akiwa kisiwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikaa katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, na kitabu chake juu ya namna mtu anavyojionyesha mbele ya wenzake kilitoka mwaka 1956. Katika hoteli ndogo ya huko aliwaona watumishi wakiwa na mwenendo mmoja mezani mbele ya wageni, na mwengine jikoni mlango ukishafungwa. Alihitimisha kuwa maisha ya kila siku yana jukwaa na yana nyuma ya pazia, na kwamba mtu hawezi kuishi na wenzake bila ya viwili hivyo.

Watu wa pwani hawakulihitaji jukwaa ili walijue hilo, kwa kuwa nyumba zao zimejengwa hivyo. Nyumba ya mawe ya Lamu humpokea mtu kwa daraja. Nje mna baraza, anapoketi hata mpita njia. Mlangoni mna daka, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana wa tini na msana wa yuu, ndipo mtu akafika ndani, pahala pa wenyewe. Hakutokea aliyesema kuwa baraza ni uongo wa chumba cha ndani. Baraza ni kweli na ndani ni kweli. Tofauti ni nani kaalikwa kufika wapi. Hata methali isemayo kuwa nyumba njema si mlango haikatazi mlango kuchorwa nakshi. Humwonya mgeni asikate shauri naye bado yuko nje.

Wala si kweli kwamba kujiundia sura kulianza na simu za mkononi. Unguja ina ushahidi wake. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, maelfu ya watu walikuwa huru kwa karatasi, lakini miilini mwao bado walibeba alama za jana. Mtumwa alijulikana kwa nguo yake: merikani isiyotiwa rangi, au kaniki ya rangi moja iliyokoza. Alitakiwa atembee pekupeku, kichwa wazi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za Unguja, ameeleza jinsi waliokuwa watumwa na watoto wao walivyojivika upya. Wanawake walinunua kanga za rangi na nakshi, baadaye wakavaa mabuibui. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wengine walibadili majina, na wengine walibadili hata kabila walilolitaja walipoulizwa na makarani wa serikali.

Bwana wa zamani alipompita mjakazi wake wa zamani naye amejitanda kanga mpya, hapana shaka alisema moyoni kuwa mwanamke yule anajifanya. Na kwa kipimo cha bwana, alikuwa akijifanya kweli. Alionyesha uungwana ambao dunia ya jana ilimnyima. Lakini ni nani leo atakayesimama kusema kuwa kaniki ndiyo iliyokuwa sura yake ya kweli, na kanga ni uongo? Kaniki ilikuwa sura aliyovikwa na kanga ni sura aliyoichagua, na ile aliyoichagua ilikuwa karibu zaidi na ukweli wake kuliko ile aliyovikwa.

Siti binti Saad ndiye shahidi mkubwa wa habari hii. Alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880 au kabla yake kidogo, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alichuuza vyungu. Aliingia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, likakaa juu yake mpaka la kwanza likasahauliwa na wengi. Mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima na bara. Mwenye kudai kuwa jina la kweli ni lile la mwanzo, na hili la pili ni la kujipamba, anadai bila kujua kuwa ukweli wa mtu ni ule alioandikiwa na wengine. Jina la Siti halikumdhulumu mtu. Lilikuwa ahadi, naye aliitimiza kwa kazi yake.

Picha nazo zina historia yao. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja, na kwa miaka mingi watu walipanga foleni humo wakiwa na nguo zao za Sikukuu. Studio za zama hizo, hapa na kwengineko pwani, zilikuwa na pazia la kuchorwa, kiti cha fahari, ua la plastiki, pengine koti na tai za kuazima. Kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha waliweka vibanda vyenye mapazia ya meli, ndege na majumba ya ghorofa, na vibarua waliotoka mbali walisimama mbele ya mapazia hayo kupigwa picha ya kupeleka kwao. Kila mtu alijua kuwa ndege ile ni ya rangi na kitambaa. Aliyetumiwa picha alijua, aliyeituma alijua, na mpiga picha alijua. Picha haikusema "nimepanda ndege." Ilisema "ningali hai, nimevaa vizuri, na nina matumaini." Ulikuwa ni ushairi, na ushairi haushitakiwi kwa uongo na msomaji anayejua kuwa anasoma ushairi.

Kadhalika lakabu. Washairi wa Kiswahili wa magazeti wameandika kwa majina ya kupanga tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923. Andanenga alijulikana kwa jina la Sauti ya Kiza, na hakuna aliyemshitaki kuwa anajificha. Sababu iko wazi: lakabu ya mshairi ilikuwa na kaya na anwani. Ilitoa hoja, ikajibiwa, ikarudi uwanjani kujibu. Mshairi aliyeshindwa kwa lakabu yake alishindwa kweli, na aliyesifiwa alisifiwa kweli. Lakabu ilikuwa uso wa pili, lakini uso wenye haya.

Kwa hivyo ilikuwa ajabu kuona katika zama hizi mwenye mtandao mkubwa kuliko yote akikana jambo hilo. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alimwambia mwandishi mmoja ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2010 kuwa mtu mwenye nafsi mbili amepungukiwa na uadilifu. Kampuni yake ilishikilia kila mtu atumie jina lake halisi, na mwaka 2014 ikafunga kurasa za wasanii wa majukwaani na za baadhi ya Wenyeji wa asili wa Marekani, ambao majina yao ya kikwao yalionekana kwa mashine kuwa si majina. Mwaka huo huo kampuni iliomba radhi. Iliyokuwa imesahau ni kuwa mtu huwa mtoto kwa mama yake, mwalimu kwa wanafunzi wake, na mtani kwa watani zake, naye si mnafiki kwa hilo. Mwenye uso mmoja kila pahala, msibani na ngomani, huyo hana adabu.

Mpaka hapa shitaka la wazee lingekuwa limeanguka. Lakini halianguki lote, kwa kuwa yapo mambo ambayo mitandao imeyageuza, na ambayo kanga, pazia la studio na lakabu hayakuwa nayo.

La kwanza, kuta zimebomoka. Nyumba ya daraja tano imekuwa ukumbi mmoja. Picha moja huangaliwa na shangazi, mwajiri, mchumba, adui, na mtu asiyejulikana aliyeko Toronto. Hakuna tena baraza wala ndani. Mtu hulazimika kujitengenezea sura moja itakayowatosha wote, na sura inayowatosha wote ni ile iliyokwanguliwa kila kilicho chake. Ndiyo sababu kurasa za maelfu ya watu zinafanana: tabasamu lile lile, sahani ile ile, machweo yale yale ya Nungwi au Forodhani.

La pili ni hesabu. Zamani sifa zilikuwa upepo. Mtu alizisikia bila kuzipima. Mwaka 2009 Facebook ilianza kuhesabu waliopenda, na tokea hapo kila sura hutoka na bei yake chini. Instagram yenyewe ilianza kujaribu kuzificha hesabu hizo mwaka 2019, na mwaka 2021 ikampa kila mtu hiari ya kuzificha. Hilo peke yake ni ushahidi kuwa madhara yalishaonekana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Soko jipya limeikata methali hiyo katikati, maana humo kizuri kisichojitembeza hakionekani kabisa.

La tatu, kioo kina mwenyewe. Mpiga picha wa studio alilipwa na aliyepigwa picha, kazi ikesha. Mitandao hii haimtozi mtu kitu, kwa kuwa mnunuzi ni mwengine. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 1, na karibu mapato yote ya kampuni hiyo, iitwayo Meta tangu 2021, hutokana na matangazo. Mwenye kioo hupata faida mtu akitazama zaidi, akirudi zaidi, akijilinganisha zaidi. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alitoa hadharani nyaraka za ndani zilizoonyesha kuwa watafiti wa kampuni yenyewe waliona baadhi ya wasichana wadogo wakijihisi vibaya zaidi juu ya miili yao kwa sababu ya Instagram. Usione vyaelea, vimeundwa. Na walioviunda wana daftari la hesabu.

La nne ndilo zito kuliko yote: makubaliano yamepotea. Mbele ya pazia la Likoni kila mmoja alijua kuwa ndege ni ya rangi. Mbele ya simu hakuna ajuaye. Chombo cha kulainisha ngozi, kuchonga pua na kung'arisha macho kimo ndani ya simu yenyewe, hakiachi alama, na sasa mashine hutengeneza hata mtu mzima ambaye hajapata kuzaliwa. Pazia limekuwa halionekani kuwa ni pazia. Hapo ndipo ushairi unapoanza kuwa ushahidi wa uongo, hata kama aliyeutunga hakukusudia.

Mfano mmoja unatosha kulipima suala zima. Binti anatoka kijiji cha Unguja, au Tanga, au Kwale, anakwenda Muscat au Dubai kufanya kazi za nyumbani. Nyuma ameacha mama, wadogo zake wanaosoma, na deni la safari. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 juu ya wanawake wa Tanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, nayo ilieleza habari za walionyang'anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi saa nyingi bila ya siku ya mapumziko, na walionyimwa mishahara au kulipwa pungufu. Wapo waliopata waajiri wema, nao si wachache. Lakini tuseme huyu hakubahatika. Siku moja anafuatana na watoto wa bibi mwenye nyumba kwenda kwenye duka kubwa lenye sakafu ya marumaru. Anasimama kando ya chemchemi ya maji, anatengeneza shela yake, anajipiga picha, anaitia kwenye stetasi. Chini anaandika neno la kushukuru.

Je, amesema uongo? Mama yake anaiona picha, na usiku ule analala. Binti hakuwa na njia ya kurudi, wala mama hakuwa na njia ya kumsaidia. Kumweleza yote kungekuwa kumtia mama kisu asichoweza kukichomoa. Mbele ya mama picha ile ni sitara. Imefunika jeraha ambalo kulifunua hakungeliponya. Zaidi ya hayo, ilikuwa kweli kwake mwenyewe: kwa dakika tano alikuwa binti aliyevaa vizuri mbele ya maji, si mashine ya kufagia. Hakuna mwenye haki ya kumpokonya dakika hizo.

Lakini picha haikuishia kwa mama. Jirani wa miaka kumi na tisa anaiona pia. Naye hana kazi, na wakala anayetafuta wasichana wa kupeleka amekwisha kumpigia simu mara mbili. Kwake yeye picha ile si faraja, ni hoja. Anakata shauri. Wiki sita baadaye naye yuko uwanja wa ndege. Picha ile ile, siku ile ile, neno lile lile la shukrani: kwa mmoja imekuwa sitara, na kwa mwengine imekuwa mtego. Ikiwa wakala ataichukua na kuwaonyesha wengine kumi kama ushahidi, basi imekwisha kuwa biashara.

Hapa ndipo jibu linapoanza kuonekana. Uongo na ukweli wa sura haumo ndani ya picha peke yake, wala haupimwi kwa kulinganisha nje na ndani, kama mtu anayepima kitambaa kwa pima. Umo baina ya mwenye sura na anayeitazama. Sitara huzuia kile ambacho mtazamaji hana haki nacho. Hadaa huchukua kwa mtazamaji kile ambacho asingekitoa lau angejua. Anayeficha maradhi yake kwa wapita njia anajistiri. Akiyaficha kwa anayeposwa, anahadaa. Aliyepiga picha kando ya gari la tajiri wake na kuitia ukurasani amejifurahisha. Akiitumia picha hiyo kukopa, au kuoa, ameiba. Ghali haikuwa picha. Ghali ni kile kilicholipwa na mwengine kwa kuiamini.

Kwa kipimo hicho, binti wa Muscat hadaiwi na umma kuvua sitara yake. Anadaiwa na mtu mmoja: yule jirani, siku atakapomwuliza. Stetasi ni baraza, na barazani mtu ana ruhusa ya kutabasamu. Lakini jirani akibisha hodi, akamwandikia peke yake akamwuliza, "Dada, huko kukoje?", hapo ameingia ndani, na ndani hakuna ruhusa ya tabasamu la barazani. Akimjibu kuwa ni kuzuri, ili asionekane aliyeshindwa, basi ameihadaa roho ya mtu. Akimwambia kwa uchache, "Usije kabla hujauona mkataba, wala usimpe mtu pasipoti yako," amelipa deni lake lote, na picha ya chemchemi inaweza kubakia pale ilipo.

Yaweza kusemwa kuwa dawa ni rahisi zaidi: kila mtu aonyeshe kila kitu, na ukweli utashinda. Rai hii ina wafuasi wengi, nao hujisifu kuwa hawaigizi. Wanalia mbele ya kamera, wanatangaza talaka kabla ya mume hajapata habari, wanapiga picha ya mzee wao kitandani hospitali, mdomo wazi, wakiomba dua za watu. Huku si kuwa mkweli. Machozi yaliyosubiri simu iwekwe sawa yamekwisha kuwa onyesho, na mara nyingi sitara iliyochanwa ni ya mwengine ambaye hakuulizwa. Mtoto anayeogeshwa mbele ya watu elfu, atakapokua, atazikuta picha zake zimemtangulia kila anapokwenda. Mwenye nyumba aliyebomoa kuta zake hakuwa mkweli kuliko jirani yake. Amekosa tu pahala pa kulala.

Lipo pia donda la pili, ambalo halimdhuru mtazamaji bali mwenye sura. Wanazuoni wa maadili wa Kiislamu, na al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 ni miongoni mwao, waliliita riya na kulichambua kwa kina. Ujanja wa riya ni kuwa tendo lenyewe huwa la kweli. Sadaka imetolewa kweli, mchele umefika kweli, maskini ameshiba. Kilichobadilika ni anayeelekezwa tendo lile. Anayempa ajuza kilo mbili za unga huku mwenziwe akishika kamera ametoa kwa watazamaji, na ajuza amegeuzwa pazia la studio. Zaidi ya hapo, ajuza ndiye aliyelipia picha, kwa uso wake. Mtoaji naye amepoteza kitu: akizoea kutoa mbele ya kamera, siku haipo kamera mkono unakuwa mzito. Sura imekula mtu.

Hii ndiyo hatari kubwa zaidi ya kuishi kwa sura iliyohesabiwa. Aliyevaa kanga mwaka 1897 alivaa ili awe, na siku kwa siku akawa. Anayevaa ili ahesabiwe hana pa kufika, maana hesabu haina mwisho. Elfu moja huomba elfu mbili. Wa kwanza alikuwa na sura iliyomvuta mbele. Wa pili ana sura inayomfukuza kwa nyuma, na akisimama kupumua inampita.

Hivyo, hukumu ya wazee yafaa irekebishwe, isifutwe. Kijana asiulizwe kama sura yake ya mitandaoni ni sawasawa na alivyo, kwa kuwa hakuna mtu wa zama zozote ambaye jibu lake lingekuwa ndiyo. Yafaa aulizwe maswali mawili. La kwanza ni la haki: yuko nani anayelipa kwa kuiamini sura hii? Ikiwa hayupo, aachwe na wanja wake, pazia lake na lakabu yake. Ikiwa yupo, aambiwe ukweli mlango ukiwa umefungwa, naye akiwa hajachelewa.

La pili ni la salama yake mwenyewe, na pwani limekwisha kusemwa kwa maneno machache: siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi haulaumiwi kwa kufunikwa. Hufunikwa ili maji yasiingie taka. Lakini mtungi usiopata kata hata moja ya kuteka ndani yake, maji yake huvunda, na anayepita nje akiusifia nakshi hajui. Basi aulizwe yule mwenye wafuasi elfu kumi, na aulizwe yule binti wa kando ya chemchemi, kila mmoja kwa upole: kata yako ni nani? Ni yupi, hata mmoja, anayejua maji yamefika wapi? Akimtaja, asisumbuliwe zaidi. Akinyamaza, asichekwe, mwenye kumpenda aache kuitazama picha, ampigie simu.